Jogoo wa Kitanda cha Dubu

Jumamosi, 7 Januari

Krismasi, kwa kalenda ya kanisa letu. Upepo umekoma asubuhi, baada ya kuvuma mfululizo kutoka magharibi tangu katikati ya juma. Kijiji kimetulia kwa namna nisiyoipenda — utulivu wa mtu aliyekwisha kusema uongo wake na sasa anangoja kuaminiwa.

Nilipanda hadi mwisho wa msitu wa misonobari kuchimba shimo. Matokeo ni mabaya kuliko nilivyohofia. Chini kabisa, juu ya nyasi, theluji haba ya Novemba imegeuka chembe kubwa kavu kama sukari. Ukiifumbata haishikani, inamwagika. Juu yake limelala bamba la theluji iliyoshindiliwa na upepo, zito, unene wake kufika kiunoni. Nyumba ya mawe iliyojengwa juu ya sukari. Nilichonga nguzo ukutani mwa shimo, nikaigonga kichwani kwa kiganja — kipande chote cha juu kikachomoka kwa mpigo mmoja, kama droo ya kabati.

Nimeandika tasnifu nzima juu ya chembe hizi. Nimeitetea chuoni Tbilisi mbele ya maprofesa, mmoja wao akisinzia. Najua ninachokiona.

Kisha chakula cha jioni. Mkate wa nyama, nguruwe, gongo ya baba mdogo Tariel. Mama akaweka kisu mezani, akasema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi: mwaka huu Jansug atakula nyumbani. Kabla ya Lipanali, sikukuu ya wafu, anapanda Kitanda cha Dubu kumchukua.

Nitaandika hoja yake kwa ukamilifu, ili niivunje kwa ukamilifu.

Kaka yangu Jansug alikuwa akiwaongoza wageni wa ski. Februari iliyopita mteremko wa Kitanda cha Dubu ulivunjika chini ya miguu yake. Mwili tuliupata Juni, theluji ilipoyeyuka, bondeni kabisa, ndani ya kijito. Baba mdogo alikwenda pale na jogoo na zeze la marehemu baba, akafanya jambo ambalo sisi Wasvani wa milimani humfanyia kila aliyeuawa na mlima: unapiga zeze, unaita jina, mpaka jogoo awike. Akiwika, roho imeingia ndani yake. Unambeba nyumbani, na marehemu anapata makao. Jogoo hakuwika. Mvua ikanyesha. Baba mdogo akasema inatosha.

Mama anasema haikutosha, tena walikosea mahali. Walimwita pale mwili ulipookotwa, ilhali theluji ilimfikisha huko akiwa maiti tayari. Roho ilibaki juu, pale ilipotenganishwa na mwili. Na tarehe kumi na nane jioni Lipanali inaanza, wafu wa kila nyumba wanarudi kwao, wanakaa mezani siku kadhaa, wanakula. Baba atakuja. Babu atakuja. Jansug atakuwa nje kwenye baridi, akiiona taa yetu kwa mbali.

Hiyo ndiyo hoja. Ushahidi wake ni sifuri. Na kwa ajili yake mama yangu, mwenye magoti mabovu, anataka kwenda kusimama juu ya bamba lile.

Jumapili, 8 Januari

Nilitegemea baba mdogo awe upande wangu. Yuko upande wangu, lakini kwa sababu za kijinga — jambo linalonidhuru kuliko kama angenipinga.

Kwanza, ameudhika. "Shemeji, mimi nilimwita sawasawa," alimwambia mama. "Kasoro ilikuwa ya jogoo. Alikuwa mzee, hata kuku walikuwa hawamheshimu."

Pili, anadai kwamba ukipiga kelele chini ya Kitanda cha Dubu, theluji inaamka. Hapa kijijini wanapita pale kimya, midomo imefungwa. Hata ng'ombe wanaovushwa huvuliwa kengele. Nikamweleza kwamba sauti ya binadamu haina nguvu ya kuvunja bamba. Uzito wa mwili ndio unaolivunja. Akanitazama kwa huruma.

"Levarsi, mwanangu, watu walionyamaza wamefika. Wewe unataka nini tena?"

"Nataka wafike kwa sababu iliyo kweli."

"Muhimu wafike," akasema, akajimiminia nyingine.

Mama alikuwa akiosha vyombo. Anapokwisha kuamua, hunyamaza kama daktari anayenawa mikono.

Jumatatu, 9 Januari

Gocha ndiye atakayemwongoza mama. Nimelijua leo tu.

Gocha alikuwa mwenza wa Jansug katika kazi ya wageni. Siku ile alikuwa nyuma yake, mita chache, juu ya theluji ile ile, na mpasuko ulipita mbele ya ncha za ski zake. Ndiye pekee anayejua mahali hasa. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamtaka tupande pamoja aione hali kwa macho yake. Akachukua ski bila kubisha, ila mdomo wake haukupumzika.

"Haya, Profesa. Leo umefunga njia ipi?"

Ananikumbusha Desemba. Niliweka kamba kwenye njia ya wageni, nikatangaza hatari kwa juma zima. Hakuna kilichoanguka. Wageni wake wakaenda bonde jingine, na tangu hapo kila nikifungua mdomo kuna mtu anauliza kama nimeleta kamba.

Nikamjibu kwamba hatari isiyotokea haikuwa uongo. Mtu akivuka barabara amefumba macho na asigongwe, hajathibitisha kwamba hakuna magari.

"Umeniambia hivyo Desemba."

"Na bado ni kweli."

Tulikuwa tunavuka uwazi mdogo kati ya misonobari, mahali tambarare, pasipo na pa kuporomokea. Ghafla ardhi yote ikaguna. Sauti nzito, ya chini, kama ng'ombe anayejilaza — theluji ikatitia chini yetu, na ufa mwembamba ukakimbia kutoka ski zangu hadi kwenye miti. Vumbi jeupe likadondoka matawini.

Gocha alisimama. Rangi yote ilimtoka.

"Umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia."

"Basi unajua."

"Nilijua kabla hujazaliwa na chuo chako." Alifuta pua kwa glovu. "Sikia, Levarsi. Mama yako alikuja kwangu. Alikaa kwenye kiti kile cha jikoni, akasema, Gocha, wewe ulikuwepo, nionyeshe. Hakunilaumu. Ungemjibuje?"

"Ningemwambia hapana."

"Mwambie basi. Ni mama yako."

Tukarudi kimya. Gocha, asiyenyamaza hata kanisani.

Jumanne, 10 Januari

Theluji tena, nyepesi, kutwa nzima. Kila punje ni mzigo unaoongezwa. Nimejaribu kusoma. Nimesoma ukurasa mmoja toka asubuhi.

Jumatano, 11 Januari

Nimeshindwa mjadala na mwanamke aliyekuwa akikanda unga.

Nilijiandaa. Nilipanga hoja zangu kama nilivyozipanga kwa ajili ya utetezi wa tasnifu: asili ya imani, udhaifu wa ushahidi, uhakika wa fizikia. Nilianzia mbali — nikamweleza kwamba Wagiriki wa kale nao waliwalisha wafu wao, kwamba mataifa mengi yamefanya hivyo, na kwamba kila taifa lilidhani wafu wake peke yao ndio wanaorudi.

"Na hao Wagiriki walizika watoto wao?" akauliza.

"Walizika."

"Basi hawana la kunifundisha."

Nikaingia kwenye theluji. Nilichukua sukari, nikaitandaza ubaoni, nikaweka juu yake bapa la unga wake, nikainamisha ubao. Bapa likateleza, likaanguka sakafuni. Onyesho safi kabisa. Hakuna profesa ambaye angelipinga. Mama aliliokota, akalipangusa, akalirudisha kwenye bakuli.

"Nimekuelewa tangu Jumamosi," akasema. "Mteremko utaanguka. Unaweza kuanguka. Nimeelewa, mwanangu. Mimi si mjinga."

"Basi kwa nini?"

"Wewe unaogopa theluji. Una haki. Mimi naogopa tarehe kumi na nane jioni. Baba yako ataingia, atakaa pale anapokaa, atahesabu vichwa. Ataniuliza mtoto yuko wapi. Nimwambie nini? Kwamba njia ilikuwa mbaya?"

Nikasema angoje Mei. Mei mteremko utakuwa nyasi tupu na maua. Nitambeba mgongoni ikibidi, nitambebea na jogoo. Ni Lipanali moja tu itakayopita. Mwaka mmoja tu.

"Wewe umewahi kulala nje mwaka mmoja?"

Jibu ninalo sasa, ninapoandika: kwamba hayuko nje, kwamba hayupo popote. Ni jibu sahihi. Mtu gani angelitamka mbele ya uso ule?

Ijumaa, 13 Januari

Leo nimefanya jambo ambalo sitalisimulia Tbilisi.

Nyumbani kwetu jogoo ni mmoja, mwekundu, mwenye kiburi. Bila jogoo hakuna safari. Fikra ilinijia nikinywa chai na ikaonekana kwangu ya kimantiki kabisa, hatua kwa hatua: ondoa chombo, tendo litaahirishwa. Nikatoka nyuma ya zizi, nikamchinja.

Mama alitoka kukamua, ndoo mkononi. Alinikuta nimesimama na kisu, manyoya kwenye buti zangu. Aliangalia jogoo, akaniangalia mimi. Akaenda kuchemsha maji ya kumnyonyolea.

Baba mdogo alipopata habari alicheka mpaka akashika mbavu. "Msomi wetu! Amemuua shahidi kabla ya kesi."

Kufika mchana kijiji kizima kilikuwa na habari. Mama Tsiuri wa jirani akaja na jogoo mweupe, kijana, upanga wa kichwani umepasuka kwa kupigana. "Makvala, chukua huyu," akamwambia mama, "huyu ana mapafu." Baada yake akaja mwingine na jogoo wake. Kisha mwingine. Hivi ninavyoandika mle zizini mna majogoo watatu wanaopigana kama wabunge. Nyumba tatu zimetoa. Wanaonikwepa njiani mimi na kamba yangu wameleta jogoo bila kuulizwa.

Supu ilikuwa nzuri. "Kula," mama alisema. "Umemchinja, umle."

Jumamosi, 14 Januari

Hakuna anayenisemesha, isipokuwa majogoo.

Nilipanda tena. Shimo jipya, droo ile ile.

Jumapili, 15 Januari

Sijalala vizuri juma zima, na leo katikati ya ibada, Padri akiwa ameinua mikono, jambo limenijia. Nimekuwa nikipigana mahali pabaya. Nimekuwa nikipinga roho. Kumbe ninachotakiwa kupinga ni miguu.

Sauti haiangushi theluji. Jambo hili limepimwa na watu makini, wala halina ubishi. Ikiwa ni hivyo, sauti inaweza kwenda mahali ambapo mwili hauwezi. Kwenye ukingo wa msitu, upande wa mashariki, misonobari ya mwisho imesimama juu ya kigongo cha mwamba ambacho poromoko halijawahi kukifikia. Miti yenyewe ni ushahidi, ina umri mkubwa kuliko kanisa. Kutoka pale mpaka theluji ilipomnasa Jansug kuna bonde dogo tu. Mtu akiita anasikika. Roho ije yenyewe. Kama inaweza kutoka ahera kuja kula maharage, inaweza kuvuka mita mia mbili.

Nikapeleka hoja kwa baba mdogo kwanza. Alishtuka kama nimependekeza kuchoma nyumba.

"Upige kelele? Pale? Babu yako alivua kengele za ng'ombe, wewe unataka kupeleka zeze na jogoo?"

"Babu pia alitibu jino kwa baruti."

"Na likapona."

"Liling'oka, baba mdogo. Liling'oka na nusu ya taya."

Akaweka glasi chini. Kisha akasema, taratibu, bila gongo mkononi: "Juni sikumwita kwa nguvu. Niliogopa. Kulikuwa bado na theluji juu. Nilimwita kwa kunong'ona, Levarsi. Nani anaitika mnong'ono?"



Jumatatu, 16 Januari

Mama amekubali. Kwa sharti, na sharti lenyewe ni mtego, na aliyeutega ni mama yangu mzazi.

Atasimama nilipochagua mimi, kwenye misonobari ya mwisho. Hataingia mteremkoni. Lakini atakayeita ni mimi.

"Mimi siamini, mama."

"Sikukuuliza unaamini nini. Mlipokuwa wadogo, nani alikwenda kumwita Jansug huko mlimani? Nikimtuma Tariel, hakuja. Nikienda mwenyewe, alijificha mitini. Ukiita wewe, alikuja anakimbia."

"Alikuja kunipiga kwa kumkatizia mchezo."

"Alikuja." Alikuwa akisokota uzi, hakuinua kichwa. "Ulikuwa ukimwambiaje?"

"Sikumbuki."

Nakumbuka.

Sehemu ya pili ya sharti. Nitaita mpaka jogoo awike. Lakini jua likigusa kilele cha Mwamba Mweusi, ulio juu ya Kitanda cha Dubu, na jogoo bado kimya, basi sauti imeshindwa, na yeye atavaa viatu vyake vya theluji na kwenda mpaka mahali penyewe. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwamba jua likishafika kwenye Mwamba Mweusi bamba linaanza kulainika na kulegea. Akasema ndiyo maana nianze mapema.

Kwa hiyo hali ni hii, naiandika ili niione waziwazi. Uhai wa mama yangu unategemea kuku dume. Na mimi, mwenye shahada, ndiye wa kumbembeleza.

Jumanne, 17 Januari

Utabiri: kesho anga wazi, joto linapanda. Hakuna ubaya uliokosekana.

Nimeshinda zizini. Jogoo anawika kwa sababu zake, na sababu huchunguzika. Nimemchagua yule mweupe wa Mama Tsiuri. Nilimfunika kwa kikapu na blanketi jeusi, nikangoja, kisha nikafunua ghafla mlangoni penye mwanga. Akawika. Nikarudia. Akawika. Nikarudia tena, akanitazama kwa dharau, kisha akawika. Jambo ni rahisi: giza, kisha nuru, naye hudhani kumepambazuka. Kesho nitambeba ndani ya kikapu kilichofunikwa, nitaita mara chache kwa heshima, nitafunua. Atawika. Mama atalia, tutashuka, Lipanali itaanza, na kila mtu atakuwa hai. Ni hila, ndiyo. Sioni itamdhuru nani.

Mchana nilimfundisha mama kuvaa kile kifaa cha kutafutia waliofukiwa. Nilimfunga mikanda kifuani. Amekonda chini ya sweta, sikujua.

"Kinafanya nini?"

"Kinatuma mlio muda wote. Ukifukiwa, vya kwetu vinausikia, tunaufuata mpaka ulipo."

Akakigusa kwa kidole. "Kumbe na ninyi mnaita."

"Hiyo ni redio, mama."

"Jansug alikuwa nacho?"

"Alikuwa nacho. Kilipasuka."

Alifunga zipu ya koti juu yake, polepole, kama anayemfunika mtoto.

Jumatano, 18 Januari

Naandika kwa penseli, kalamu imeganda. Misonobari ya mwisho. Nimepewa nafasi ya kupumzisha koo wakati mama anapiga zeze.

Tulitoka kulipokucha, mama, baba mdogo, Gocha na mimi, kila mmoja mbali na mwenzake, kama nilivyoagiza. Kwa mara ya kwanza wamenitii wote. Theluji iliguna njiani, tena na tena, na baba mdogo akawa anafanya ishara ya msalaba kila inapoguna, mpaka mkono ukamchoka.

Kitanda cha Dubu kiko mbele yetu, chote. Cheupe, laini, kimeinamia bonde, hakina hata alama ya mguu wa sungura. Gocha alinyoosha fimbo ya ski. "Pale. Chini ya mwamba, kushoto, kwenye kivimbe. Aligeuka kuniambia kitu." Hakusema kitu gani. Hakuna aliyemwuliza.

Mwanzoni niliita kama mtu anayetoa mhadhara kwenye ukumbi mtupu. Jina kamili, sauti pana, matamshi safi. Baba mdogo alijikunyata kila nilipoita, macho juu, akingoja mlima ushuke. Haukushuka. Niko sahihi kuhusu sauti. Ninaandika hivyo na sioni raha yoyote ndani yake.

Kisha nikafunua kikapu.

Jogoo akapepesa macho. Akaitazama theluji, nuru yote ile inayochoma, akajikunja, akaficha kichwa ubawani. Nikamfunika. Nikangoja. Nikafunua. Hakuna. Nikapanguza barafu kwenye upanga wake, nikampumulia joto, nikamfunika tena, nikafunua —

Mama hakuacha kupiga. Nyuzi zimelegea kwa baridi, wimbo unapinda. Akasema tu, bila kugeuka:

"Muda wote unamwita jogoo, mwanangu. Mwite kaka yako."

Alijua. Labda tangu jana, tangu zizini.

Nimeita tena baada ya hapo. Sauti imeanza kukwaruza. Jina linavuka bonde, linagonga mwamba, linarudi likiwa limepungua. Mabonge ya theluji yameanza kudondoka kutoka matawini, moja baada ya jingine, na maji yanatiririka kwenye gome. Katika bonde la pili kumesikika mngurumo mrefu. Mteremko mwingine umekwenda, unaoelekea jua kama huu. Baba mdogo amepiga magoti. Anaita naye sasa. Hanong'oni tena, anaita kwa nguvu zake zote, na sauti ya mzee yule inapasuka kama ya kijana anayebalehe.

Gocha amekuja karibu. Hakuniita Profesa.

"Levarsi. Tumkamate. Tumfunge kamba, tumshushe."

"Tukimfunga leo, kesho atapanda peke yake, bila sisi, bila kifaa."

"Najua," akasema. "Nilitaka tu mtu aniambie."

Jua liko kidole kimoja juu ya ukingo. Nimelipima kwa kidole kama mtoto. Mstari wa mwanga unashuka kuelekea kwenye Mwamba Mweusi, na nimejikuta nikiuomba usimame. Nimeomba — kwa nani, sijui. Sina muda wa kulichambua.

Mama ameacha kupiga. Amempa baba mdogo zeze. Amekaa kwenye kisiki, amekunjua kamba za viatu vya theluji, vile vya fito vya marehemu baba. Anafunga cha kulia.

Jogoo ametoa kichwa kikapuni. Anautazama mteremko kwa jicho moja, shingo imenyooka, kama anayesikiliza.

Nuru imegusa ncha ya mwamba.

Mama amevuta kiatu cha pili.

Sauti iliyobaki ni kidogo. Nimeita kwa sauti ya mhadhara, nimeita kwa sauti ya hila. Ile ya zamani sijaitumia, nilimwambia siikumbuki. Haikuwa jina peke yake. Naandika maneno yake, kisha naweka penseli.

Jansug, chakula kinapoa —